Chatu Anapogoma Kula

Panya aliyewekwa jana jioni bado yupo palepale, manyoya yamelowa na tumbo limeanza kuvimba. Kwenye kona ya kizimba chatu amejikunja ndani ya kificho chake, wala hana habari. Wiki ya sita hiyo. Mwenye nyoka ameshabadilisha saa ya kumlisha, amebadilisha panya mweupe kwa mweusi, amemtoa na kumrudisha, amemgusisha chakula puani. Mara nyingi ni pilikapilika za namna hii zinazomfanya nyoka azidi kugoma.

Mgomaji maarufu kuliko wote ni chatu wa kifalme, Python regius, nyoka mfupi mnene ambaye ni nadra kuvuka mita moja na nusu. Kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegal hadi Uganda. Kutoka Ghana, Togo na Benin amesafirishwa kwa wingi kwenda Marekani na Ulaya, na huko leo ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani. Ni mpole: akiogopa, badala ya kuuma hujiviringisha kama mpira na kuficha kichwa katikati. Katika mji wa Ouidah, nchini Benin, chatu hawa huheshimiwa na kutunzwa hekaluni, na huachiwa nje mara kwa mara wakajitafutie chakula wenyewe.

Kukaa na njaa ni sehemu ya maisha yake. Porini hushinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu, na kuna misimu ambayo mawindo huadimika. Jike akishataga huyazunguka mayai yake kwa takriban miezi miwili, na kwa kawaida hali kitu muda wote huo. Dume naye msimu wa kupandana ukifika, hamu ya chakula humtoka.

Mwili wake umejiandaa kwa hali hiyo. Mwaka 2007 mtafiti Marshall McCue wa Chuo Kikuu cha Arkansas, Marekani, alichapisha matokeo ya kuwanyima chakula nyoka wa aina tatu, chatu wa kifalme wakiwemo, kwa karibu miezi sita. Baadhi yao walipunguza matumizi ya nishati mwilini hadi kwa asilimia 72. La ajabu zaidi, waliendelea kurefuka.

Ndiyo maana wafugaji wazoefu, kabla hawajagusa chakula, huanza kwa kukagua nyumba. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Huliazima mahali alipo. Upande mmoja wa kizimba unatakiwa uwe na joto la nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili nyuzi 24 hadi 27, ili achague mwenyewe. Pakiwa na baridi, chakula hakisagiki na huweza kuozea tumboni, hivyo anayekataa kula katika hali hiyo anajikinga. Kosa la kawaida ni kubandika kipimajoto juu kwenye kioo, ilhali nyoka analala chini. Kipimo kiwekwe sakafuni, na taa au mkeka wa joto udhibitiwe na themostati.

Kisha kuna suala la maficho. Kizimba kikubwa cha kioo, kilicho wazi pande zote, humpendeza mwenye nyumba na kumtisha mpangaji. Chatu huyu anahitaji vificho viwili, kimoja kwenye joto na kingine kwenye ubaridi, vidogo kiasi cha mbavu zake kugusa kuta. Mara nyingi kuongeza kificho na kufunika kioo upande wa nyuma na ubavuni hutosha kumaliza mgomo.

Wakati nao una maneno yake. Macho yakianza kuwa na ukungu wa buluu, nyoka yuko mbioni kujivua gamba na haoni vizuri. Aachwe hadi amalize. Aliyeletwa karibuni naye apewe wiki moja hadi mbili bila kushikwashikwa wala kuonyeshwa wageni.

Mambo hayo yakiwa sawa, sasa zamu ya panya. Kwenye mdomo wa juu wa chatu kuna safu ya vishimo vidogo vinavyohisi joto. Gizani huvitumia kulitambua windo, akisaidiwa na ulimi unaookota harufu. Panya aliyetoka friza akiwa vuguvugu nusunusu, kwake si chakula. Anatakiwa ayeyuke taratibu ndani ya friji usiku kucha, kisha aingizwe kwenye mfuko na kuzamishwa katika maji ya moto yasiyochemka, hadi mwili wake ufikie nyuzi 38 hadi 40. Maikrowevu haifai, kwani hupika sehemu moja na kuacha nyingine barafu. Baadaye panya hukaushwa, na wengine hukipuliza kichwa chake kwa mashine ya kukaushia nywele ili kiwe na joto kuliko kiwiliwili.

Taa huzimwa. Panya hushikwa kwa koleo ndefu na kupitishwa polepole mbele ya mlango wa kificho. Ulimi ukianza kutoka na kurudi haraka, na shingo ikajikunja mfano wa herufi S, mkono utulie. Nyoka akirudi nyuma au akaficha kichwa, panya huondolewa na jaribio linalofuata ni baada ya wiki moja, sio kesho yake. Unene wa panya usizidi sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka.

Wapo wanaokimbilia panya hai. Ni hatari: nyoka asiye na hamu ya kula huweza kuachwa na panya mwenye njaa hadi asubuhi, akatafunwa mgongo.

Kwa wale wabishi kweli, hila ni ya harufu. Utafiti uliofanywa Nigeria ulionyesha kwamba chatu wa kifalme wadogo, wasiofikia sentimita 70, hula zaidi ndege, na wakubwa hula zaidi mamalia wadogo. Kwa hiyo kuna anayemkataa panya mweupe wa maabara na kumkubali kifaranga. Huko Marekani wafugaji hutumia pia panya wa jenasi ya Mastomys, jamaa ya panya shamba wanaowatesa wakulima wa mahindi Morogoro. Wengine humsugua panya mweupe kwa maranda ya kizimba cha Mastomys, naye nyoka hudanganyika.

Mipaka ya subira huwekwa na mizani. Nyoka hupimwa kila wiki kwa mizani ya jikoni na uzito kuandikwa. Mkubwa mwenye gramu 1,500 akishuka hadi 1,450 baada ya miezi miwili, hajafika pabaya. Akikaribia kupoteza sehemu moja ya kumi ya uzito, aonwe na daktari wa mifugo anayewajua reptilia. Nyoka mchanga hana akiba, hivyo asisubiriwe muda mrefu. Mapovu mdomoni, kupumua kwa mluzi, kuachama, fizi zenye usaha, utitiri kwenye magamba au kutapika ni dalili za kumpeleka siku hiyohiyo, hata kama uzito haujashuka. Kumsukumia chakula kooni ni kazi ya mtaalamu, tena ya mwisho kabisa, kwa sababu humchubua koo na kumwongezea hofu.

Siku atakapokula, kishawishi ni kufidia wiki zote kwa panya mmoja mkubwa. Tumbo la chatu aliyefunga muda mrefu limesinyaa na linahitaji kujijenga upya kabla ya kusaga mlo mzito. Mlo wa kwanza uwe mdogo kuliko kawaida, na asishikwe kwa saa 48. Wa pili, mdogo vilevile, usubiri hadi apate choo.