Yabisi, Vimiminika na Gesi

Tofauti kati ya yabisi na giligili, yaani vimiminika na gesi, haiko kwenye ugumu. Iko kwenye namna kitu kinavyopokea msukumo wa ubavuni. Tofali lililoshikiliwa chini likisukumwa kwa juu huhama kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho, kisha hugoma. Likiachiwa, hurudi lilivyokuwa. Maji hayagomi. Msukumo wa aina hiyo, hata uwe mdogo vipi, huyafanya yatembee, nayo hutembea muda wote msukumo ungalipo. Hewa ni vivyo hivyo.

Chembe za yabisi zimefungamana kila moja mahali pake. Za kimiminika hugusana lakini hupishana, ndiyo maana maji hufuata umbo la chombo. Za gesi zimeachana mbali: mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000, ya hewa haifiki kilo moja na nusu. Nafasi hiyo tupu ndiyo inayoiwezesha hewa kushindiliwa ndani ya tairi, ilhali maji karibu hayashindiliki kabisa.

Jambo hilo lina faida kubwa gereji. Mwaka 1653 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba kanieneo, yaani nguvu kwa kila kipimo cha eneo, inayotiwa kwenye giligili iliyofungiwa husambaa kote bila kupungua. Ndani ya jeki ya mafuta, pistoni ya sentimita 1 ya mraba husukuma pistoni ya sentimita 50 za mraba, na nguvu huongezeka mara 50. Lakini ndogo ikishuka sentimita 50, kubwa hupanda sentimita 1 tu, na ndipo fundi hulazimika kupiga mkono wa jeki mara nyingi. Breki za gari hufuata kanuni hiyo hiyo. Hewa ikiingia kwenye mabomba yake, pedali huzama, kwa kuwa nguvu ya mguu huishia kuishindilia hewa. Breki kama hizo ni za hatari na hazifai kuendewa safari.

Giligili pia hutofautiana kwa mnato, yaani ukinzani wa kutiririka. Asali ina mnato mwingi kuliko maji, na ikipashwa moto hulegea. Mfano wa kustaajabisha zaidi ni lami. Ikiwa baridi hupasuka kwa nyundo, lakini ni kimiminika. Thomas Parnell wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, aliimimina kwenye faneli mwaka 1927, akaizibua chini mwaka 1930. Tone la kwanza lilidondoka mwaka 1938, na kufikia 2014 yalikuwa tisa tu.

Joto likivuka kiwango fulani, yabisi yenyewe huyeyuka. Kwa mafuta ya nazi kiwango hicho ni takriban nyuzi 24 za Selsiasi. Kwa hiyo mafuta yanayomiminika bila shida Mombasa huganda Nairobi asubuhi za Julai, na chupa huhitaji kutumbukizwa kwanza kwenye maji ya moto.