Mgeni Anapobisha Hodi, Mbwa Awe Wapi?

Krismasi au Idi ikikaribia, mipango mingi ya nyumbani humgusa mbwa mara moja tu: afungwe mnyororo karibu na geti, chini ya kile kibao cha "Mbwa Mkali", asije akawasumbua wageni. Hatari huanzia hapo hapo. Mnyama akiogopa, jambo la kwanza analolitafuta ni njia ya kukimbia. Akiikosa, hujihami kwa meno au kucha. Mnyororo humnyima njia ya kwanza, halafu watu hushangaa akitumia ya pili. Sababu za kuogopa siku hiyo hazikosekani. Sikio la binadamu huishia kwenye sauti ya hezi 20,000 hivi, la mbwa hufika takriban 45,000, la paka hupita 60,000. Juu ya hayo, mbwa hajui fataki zinalipuliwa kwa nini wala zitakoma lini. Mwili wake humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na hamu ya kula ikapotea, hata akatupiwa mnofu akaupa mgongo.

Wapo watakaosema, "Mbwa wetu mpole, hajawahi kumuuma mtu." Huenda ni kweli, lakini upole wa siku za kawaida hautabiri mengi kuhusu siku yenye watu thelathini uani na spika inayotikisa madirisha. Tena watoto wanaoumwa, mara nyingi huumwa na mbwa wanaomfahamu. Mbwa mwenye hofu hutoa onyo: hulamba midomo pasipo chakula, hupiga miayo bila usingizi, hulaza masikio, hubana mkia, hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana. Mtoto wa miaka mitano hasomi lugha hiyo. Yeye humwona mbwa aliyetulia, akaenda kumkumbatia shingoni.

Pingamizi zito zaidi ni la ulinzi, kwa kuwa wezi nao wana msimu wao. Ila mbwa wa mnyororo hulinda urefu wa mnyororo wake tu, na aliye ndani ya chumba bado anasikia na atabweka. Basi apewe chumba cha nyuma, mbali na barabara, chenye maji, tandiko lake alilolizoea na redio ya sauti ya chini, naye azoeshwe siku kadhaa kabla ili asikione kuwa adhabu. Wageni wakishaondoka, afunguliwe alinde. Paka hutosheka na boksi lililowekwa juu ya kabati na mlango usiofunguliwa ovyo. Wengine huonya kwamba kumbembeleza mnyama anayetetemeka ni kumdekeza. Hofu si tabia ya kujifunza kwa kutuzwa. Mkono wa mwenyewe haumwongezei woga, na akitaka kujificha, aachwe ajifiche.

Kuna na sahani. Ni kweli mbwa wetu wamelelewa kwa makombo, lakini makombo ya sikukuu si ugali na dagaa. Pilau ina vitunguu vingi, na vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Paka ndiye dhaifu zaidi: gramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake zimewahi kutosha kumdhuru, yaani paka wa kilo 4 yumo hatarini kwa gramu 20 tu. Zabibu kavu zinaweza kuua figo za mbwa, chokoleti huvuruga moyo wake, na mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Wageni waambiwe mapema, kwa sababu kila mmoja akitupa kipande kimoja tu, mbwa anakuwa amekula sahani nzima.

Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kutokana na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemewa. Kwa hiyo angalieni cheti cha chanjo kabla ya kualika watu. Mgeni akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, sherehe iwe imekwisha au la.