Skoni za Kikaangoni, Asali na Jiko la Mkaa

Wengi wetu tumewahi kupelekwa kuliona lile tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Humo walikaa pamoja Daktari Livingstone, Mskoti, na Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, kuanzia Februari hadi Machi 1872. Stanley aliandika kwamba Waarabu wa Unyanyembe walilima ngano kuzunguka matembe yao. Basi unga wa ngano ulikuwako huku miaka 40 kabla reli haijafika mwaka 1912.

Tuliyakumbuka hayo tulipopata wageni kutoka Marekani. Tuliwaandalia chai kwa skoni, mkate mdogo wa Kiskoti ambao sisi wauguzi tulifundishwa zamani na dada mmoja wa huko. Wageni wakasema, “Kumbe mnajua biskuti zetu!” Tukacheka, maana biskuti kwetu ni ile kavu ya pakiti, kama wasemavyo Waingereza. Kwa Wamarekani biskuti ni mkate laini unaofanana sana na skoni.

Hazihitaji oveni. Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano (wa ata ni bora zaidi), vijiko 3 vya chai vya baking poda na nusu kijiko cha chumvi. Fikicha humo vijiko 2 vya chakula vya siagi au mafuta. Tia maziwa ya mgando kidogo kidogo, kama robo tatu ya kikombe, mpaka unga ushikamane. Usikande sana, zitakuwa ngumu kama jiwe. Sukuma unene wa kidole, kata, uoke juu ya kikaango kikavu kizito kwa moto mdogo, dakika 5 au 6 kila upande. Mafuta ni machache kuliko ya maandazi, na sukari hamna. Hata hivyo mgonjwa wa kisukari asijidanganye: ngano nayo hupandisha sukari, na asali vilevile, hata kama ni ya Tabora na tunaisifia kuwa dawa.

Kwenye chai ile mama mmoja alichovya kipande katika asali akakipeleka kinywani mwa mwanawe wa miezi saba. Tulimshika mkono. Alikasirika kidogo, kwa kuwa bibi yake aliwalea wote kwa asali. Lakini asali, hata iwe safi namna gani, yaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho hukua katika utumbo wa mtoto mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto hufunga choo, hulia kwa sauti dhaifu, hushindwa kunyonya, shingo hulegea, na mwisho pumzi hukatika. Kuchemsha au kuoka jikoni hakuziui mbegu hizo. Mtoto asipewe asali kabla ya kutimiza mwaka 1, hata ya kulambishwa. Ukiona dalili hizo, mlete hospitali saa hiyohiyo.

Jambo jingine ni jiko. Siku za mvua akina mama huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango, hasa wanapopalia mkate makaa juu na chini. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala haionekani. Kichwa kikianza kuuma, ukasikia kizunguzungu na kichefuchefu, toka nje na watoto wote, usingoje mkate uive. Wala jiko lisilale chumbani, hata likionekana limezimika.

Na mtoto akiungua kwenye kikaango, mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kidonda kwa kitambaa safi umlete. Tunachoka kuosha unga wa ngano, dawa ya meno na asali kwenye vidonda, na mtoto analia upya kila tunapogusa.