Nge wa Ukutani na Wenzake: Kuhamia Jangwa la Sonora

Katika jimbo la Arizona, Marekani, kuna nge mwembamba mwenye rangi ya nyasi kavu, mwenye urefu wa sentimita 5 hadi 8, anayepanda ukuta na kupumzika kichwa chini miguu juu. Wanasayansi wanamwita Centruroides sculpturatus. Mtu mzima mwenye afya njema akichomwa, kwa kawaida hupitisha usiku wa maumivu makali na ganzi. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuishia katika wodi ya wagonjwa mahututi. Nge huyu anaishi ndani kabisa ya miji ya Phoenix na Tucson, na huko ndiko familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia zimepewa makazi. Wapo waliotokea kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao.

Hawa si watu wa kufundishwa kuogopa nyoka. Aliyekulia Kivu au Kigoma anamjua kifutu, anamjua swila, na watoto wake wanajua kutotia mkono kwenye shimo. Ujuzi huo ni mali, na sehemu kubwa yake inafaa hata jangwani. Penye kuhitaji kujifunza upya ni kwa nge. Kwetu tumezoea kumwogopa yule mkubwa mweusi mwenye magando manene, na huyu mdogo tunampiga kwa kandambili bila kufikiri. Mara nyingi ukweli ni kinyume chake. Nge mwenye magando makubwa huua mawindo yake kwa kuyabana, kwa hiyo hahitaji sumu kali. Mwenye magando membamba na mkia wenye nguvu hutegemea sumu. Kanuni hii ina mapungufu yake, lakini kwa Arizona inatosha kabisa.

Sumu yenyewe hufanya kazi kwenye mishipa ya fahamu, yaani neva. Neva hupeleka taarifa kwa kufungua na kufunga vijilango vya kupitisha chembe za sodiamu. Sumu ya nge huyu huzuia vijilango hivyo kufunga sawasawa, na neva ikabaki inapiga kelele bila kupumzika. Ndiyo maana mahali palipochomwa huenda pasivimbe wala kuwa pekundu, ilhali mtoto analia na kujinyonganyonga, macho yanazunguka huku na huku bila mpangilio, mate yanamtoka, mikono na miguu inarukaruka, na pumzi inakuwa ya shida. Mzazi asiyejua anaweza kudhani ni degedege au mambo mengine, akaanza kutafuta tiba kwingine. Dalili za macho na mate ni za kukimbilia hospitali, na haraka.

Dawa ipo. Mwaka 2009 Leslie Boyer wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio kwa watoto 15 waliokuwa na dalili kali. Wanane walipewa dawa ya kuzima sumu iliyotengenezwa Mexico kwa kutumia kingamwili za farasi, na wote wanane dalili zao zilikwisha ndani ya saa 4. Kati ya saba ambao hawakupewa, ni mmoja tu aliyepona kwa muda huo. Mwaka 2011 dawa hiyo iliidhinishwa rasmi Marekani.

Kuna kiumbe mmoja asiyehitaji dawa yoyote. Ni panya mdogo wa jangwani aitwaye Onychomys torridus, mla wadudu, ambaye kwake nge huyu ni chakula cha jioni. Anapochomwa usoni hujilamba kidogo kisha anaendelea kutafuna. Ashlee Rowe na wenzake walieleza sababu mwaka 2013: katika neva za maumivu za panya huyo kuna kijilango cha sodiamu kilichobadilika umbo, na sumu ikishikamana nacho hukifunga badala ya kukiacha wazi. Sumu inayowaliza wengine kwake inageuka kuwa dawa ya ganzi. Watafiti wa dawa za maumivu wanaifuatilia njia hiyo, na wana kila sababu.

Sisi hatuna neva za panya huyo, kwa hiyo turudi nyumbani. Mnyama wa jangwa hamtafuti mtu. Anatafuta kivuli, unyevu na chakula, na nyumba ya binadamu ina vyote vitatu. Bustani inayomwagiliwa huleta nyenje na mende. Nyenje na mende huleta nge. Rundo la mbao kando ya mlango, maboksi ya kuhamia yasiyofunguliwa, nguo zilizolala sakafuni, vyote ni maficho. Ufa wenye upana wa milimita chache unamtosha kupita, na wakati wa baridi hujikusanya wengi pamoja mahali pamoja.

Mpelelezi bora ni tochi ndogo ya miale ya urujuanimno, ambayo haina bei kubwa. Ngozi ngumu ya nge ina kemikali zinazong'aa chini ya miale hiyo. Ukitoka usiku wa kiangazi, ukamulika ukuta wa bloku nyuma ya nyumba, ukuta unabaki mweusi, halafu ghafla unaona umbo dogo la rangi ya kijani-buluu, mkia umelazwa ubavuni, limetulia tuli. Wakati mwingine ni jike aliyebeba watoto wake mgongoni. Ukiona mahali wanapotokea, unajua ufa wa kuziba. Mlango uwekewe mpira wa chini. Kitanda kisigusane na ukuta, shuka zisiburuzwe sakafuni, na miguu ya kitanda cha mtoto mchanga isimamishwe ndani ya vyombo vya kioo, kwa sababu nge hawezi kupanda kioo laini. Viatu vikung'utwe kila asubuhi. Na mtu asitembee peku usiku, hata ndani ya nyumba.

Nyoka ni habari nyingine. Arizona ina aina 13 za nyoka wa njuga, na ukoo wao ni ule ule wa kifutu: mwili mnene, kichwa kipana, tabia ya kulala kimya akitegemea rangi yake ili asionekane. Anayejua kuishi na kifutu ameshajua nusu ya somo. Tofauti ni ile njuga ya mkiani, pete ngumu zinazoongezeka kila anapojivua gamba. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mtu anapomkaribia, nyoka huongeza kasi ya mlio taratibu, kisha anairusha juu kwa ghafla, na sikio la binadamu linadanganyika likidhani nyoka yuko karibu kuliko alivyo. Huo ni ukarimu. Lakini usiutegemee: wengine huuma bila kupiga njuga, na kitoto kilichozaliwa karibuni hakina pete za kutoa sauti ingawa sumu kinayo tayari.

Ukimsikia, simama, angalia alipo, kisha rudi nyuma. Kumwandama kwa fimbo au jembe ni ushujaa usio na faida, kwani watu wengi huumwa wakijaribu kumuua, na hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma. Katika maeneo kadhaa ya Arizona kikosi cha zimamoto huja kumwondoa.

Na akiuma, hapa nataka kusema bila kupindisha maneno. Jiwe jeusi la nyoka, linalouzwa na kuaminiwa Kongo na Afrika Mashariki nzima, halinyonyi sumu. Kuchanja, kufyonza kwa mdomo na kufunga kamba kwa nguvu vinaharibu kiungo zaidi. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba, mtulize mgonjwa, muwahishe hospitali. Maelfu ya watu huumwa na nyoka wenye sumu Marekani kila mwaka, na wanaofariki ni takriban watano. Tofauti hiyo imeletwa na dawa na gari la wagonjwa, wala si kwamba nyoka wao ni wapole.

Nyuki nao wasisahaulike, maana hawa ni ndugu zetu. Mwaka 1956 mwanasayansi Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, kutoka maeneo ya Tabora. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa Ulaya, yakasonga kaskazini mpaka yakafika Arizona mwaka 1993. Wenyeji wanawaogopa sana. Mtu wa Tabora angewatambua kwa tabia: usibishane nao, kimbia, ingia ndani, funga mlango.

Yuko pia mjusi mnene mwenye sumu, Gila, anayelindwa na sheria ya Arizona tangu mwaka 1952. Katika sumu yake John Eng aligundua, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kemikali iliyozaa dawa ya kisukari iliyoidhinishwa mwaka 2005. Wagonjwa wengi wana deni kwa mjusi huyo, na hiyo inatosha kumwacha apite zake.

Lakini anayezungumza juu ya hatari za jangwa bila kutaja joto anadanganya. Mwaka 2023 Phoenix ilikuwa na siku 31 mfululizo za nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi, na Kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Hakuna nge wala nyoka anayekaribia idadi hiyo. Familia mpya inayoogopa bili ya umeme ikazima kiyoyozi mwezi wa Julai iko hatarini kuliko inayolala na nge ukutani.

Kama una ndugu aliyepelekwa Arizona, mtumie namba hii leo aihifadhi kwenye simu: 1-800-222-1222. Ni kituo cha ushauri wa sumu, hailipiwi, inapokelewa usiku na mchana, na wakalimani wapo. Aseme tu neno moja, "Swahili". Pumzi ikiwa ya shida au mtu akizimia, apige kwanza 911.