Mbele ya kuuzisha makuta ya nkambo, andika kwanza

Wengi wetu tumekomaa wakati hakuna tena sarafu mu soko. Feza tunayojua ni ya karatasi. Njo maana kopo la piesi lenye wazee walituachia tunaliona sawa kintu cha kuchezea watoto.

Kwetu Lubumbashi, kopo la nkambo lilikuwa na sarafu 58. Mununuzi mmoja alitaka kulipa zote bei moja, bila hata kuzimwanga pa meza, na muyomba wangu alikuwa karibu kukubali. Niliomba siku nne, nikakamata kaye.

Kila sarafu ina mstari wake: namba, bei iliyoandikwa, mwaka, inchi, metali, hali. Sehemu kubwa ya kazi ni kusoma polepole. Kamata franka 1 ya Congo ya Wabelgiji ya miaka ya 1920, yenye Mfalme Albert na mti wa ngazi. Kuko yenye maneno ya Kifaransa, kuko yenye ya Kiflama. Hata kama mwaka ni mmoja, andika mistari mbili, juu wenye kukusanya wanatafuta zote mbili. Franka 2 ya 1943 utaijua na mikono: ina pembe sita na tembo, na ilitengenezwa Philadelphia, kule Marekani, juu Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani. Ile ya Katanga ya 1961 ina ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Franka 10 ya 1965, yenye simba, ni aluminium; iko mwepesi sana, usidhani ni ya uongo.

Kisha zinakuja za Zaire, na hapa bei iliyoandikwa inaweza kukupoteza. Mu 1967, zaire 1 ilikamata nafasi ya franka 1.000, na ilikuwa na makuta 100. Basi ile piesi ndogo ya makuta 5 ilikuwa franka 50. Mu 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya 1. Mu 1998 zaire mpya 100.000 zikawa franka 1. Piga hesabu: franka moja ya 1998 ni zaire za zamani miliari 300! Kwa hiyo piesi ya zaire 10 ya 1988, kama feza, ni bure kabisa. Kama kitu cha kukusanya, ni hali yake njo inasema.

Hali unaiona pa sehemu zenye kuinuka: nywele za mfalme, sikio la tembo. Zikiwa zimelainika, andika «imetumika sana», usijidanganye. Na tafazali, usisugue na ndimu wala mchanga. Sarafu iliyosuguliwa inaangaa, lakini mwenye kujua anaona mikwaruzo na anashusha bei. Iguse pembeni, piga foto pande zote mbili, iweke mu bahasha ya karatasi yenye namba ileile ya kaye. Plastiki laini inaharibu metali kidogo kidogo.

Mimi niliongeza safu moja yenye vitabu vya sarafu havina: ilitoka wapi. Nkambo mwanamuke angali muzima, na kwa sarafu 11 aliweza kuniambia. Ya Katanga alirudishiwa pa kununua unga. Hiyo familia ilikatala kuuzisha. Zingine muyomba anaziuliza bei moja moja, kaye iko mu mikono.