Kiasi cha Bunduki kwa Mnyama Asimamaye Mbali

Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wenye bunduki hubishana sana jioni penye moto. Ni kiasi gani kimfaacho mtu awindaye katika nyika iliyo wazi, ambapo kongoni au pofu husimama yadi 200 au 300, na hapana kichaka wala kichuguu cha kumnyatia? Hatusemi na wawindaji wa siri. Katika Kenya uwindaji wa wanyama ulikatazwa mwaka 1977, na katika Tanzania hapana ruhusa ila kwa leseni. Lakini hata asiye na bunduki asikilize, maana habari hii ni elimu ya vitu virukavyo na viangukavyo.

Kwanza tufahamiane juu ya maneno. Wazee waliita kitu kizima kiasi, yaani ganda la shaba, fataki kitakoni mwake, baruti ndani, na risasi mdomoni. Risasi ni ile tu itokayo na kwenda. Nasi tutafuata desturi yao, kwa kuwa watu wengi huchagua ganda kwa uangalifu mkubwa na kuisahau risasi, na risasi ndiyo imfikiayo mnyama.

Majina ya viasi huwapoteza watu. Kile kiitwacho .303 kimepewa jina kwa upana wa tundu la mtutu, sehemu 303 katika elfu ya inchi. Cha .30-06 ni cha sehemu 30 katika mia ya inchi, na hiyo 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipokikubali. Wajerumani huhesabu kwa milimita: 7×57 maana yake ni risasi ya milimita 7 katika ganda lenye urefu wa milimita 57. Basi tarakimu hizo hazipimi nguvu. Kiasi cha .270, kilichotokea mwaka 1925, kina risasi nyembamba kuliko ya .303, lakini risasi yake nyepesi hutoka kwa mwendo wa mita 930 hivi kwa sekunde, na ile ya .303 mita 745 hivi.

Mwendo huo una faida gani? Wengine hudhani kuwa risasi huenda sawasawa kama uzi uliovutwa, kisha ikichoka ndipo huanguka. Sivyo. Huanza kuanguka mara itokapo mtutuni, kama jiwe litokalo mkononi. Kila kitu kiangukacho hushuka sentimita 30 katika robo ya sekunde, na mita 1 na sentimita 20 katika nusu sekunde. Angalieni jambo hilo: muda umezidi mara mbili, na mshuko umezidi mara nne. Kwa hiyo risasi ya mbio haishindi mvuto wa ardhi. Hufika tu kabla haijapata nafasi ya kuanguka sana.

Sasa tuchukue bunduki ya .30-06, yenye risasi ya gramu 11 na nusu hivi, iliyosawazishwa ipige pale pale ilengapo kwa yadi 200. Kwa yadi 300 risasi yake itashuka kama shubiri moja chini ya shabaha. Kwa yadi 400 itashuka zaidi ya dhiraa moja. Ile ya .270 kwa yadi 300 hupungukiwa na shubiri, na ya .303 hupita shubiri. Twaona, basi, kuwa tofauti baina ya viasi hivi ambavyo watu hugombania si kubwa kama wasemavyo wauzaji. Ni upana wa vidole vichache. Tofauti kubwa ni ile iliyo baina ya yadi 300 na 400, na mtu asiyejua kukisia umbali hataokolewa na kiasi chochote.

Mahali pa kumwua kongoni upesi, yaani mapafu na moyo, ni duara la shubiri moja na kidogo. Ukilenga katikati ya duara hilo, nawe hukujua kuwa mnyama yuko yadi 300 bali ulidhani 200, risasi itapita chini ya kifua au itavunja mguu. Sisi tulipata kumfuata kongoni wa namna hiyo tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Damu ilikuwa matone machache tu penye majani. Fisi walimpata kabla yetu.

Upepo nao ni adui asiyeonekana. Upepo wa kadiri ukivuma kutoka ubavuni waweza kuisukuma risasi karibu ya shubiri kwa yadi 300. Hapa umbo lashinda mwendo: risasi ndefu yenye ncha kali hupasua hewa vyema, bali ile ya pua butu huchelewa njiani na kusukumwa mara mbili. Kwa mwituni, kwa hatua 50, pua butu haina ubaya. Kwa nyikani tungeiacha.

Tena uangalie ngozi ya risasi. Risasi za kijeshi zimevikwa chuma mpaka nchani, nazo hutoboa tundu dogo na kupita. Mnyama huenda mbali, akafa asikoonekana. Kwa swala, kongoni na pofu yafaa risasi ya pua laini, ambayo hufunguka kama uyoga ndani ya mwili. Lakini usichague ile nyepesi mno ya mbio nyingi kwa mnyama mnene kama pofu, kwani huenda ikapasuka begani kabla haijafika mapafuni.

Wako wasemao, basi tuchukue .375 kwa kila kazi. Kiasi hicho cha mwaka 1912 ni kizuri sana, na kwa nyati au tembo hapana budi kisipungue hapo. Lakini pigo lake begani ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, na mtu aogopaye bunduki yake hufumba macho anapofyatua. Wengine humtaja Bell, yule Mskoti aliyeua tembo zaidi ya elfu kwa miaka yake, wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7. Ni kweli, lakini Bell alikata mafuvu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, tena alisogea karibu. Wamtajao hawataji msumeno.

Sisi tungechukua .30-06 au 7×57, risasi yenye ncha kali na pua laini, kisha tungeijaribu kabla ya safari. Weka karatasi kwa yadi 100, 200 na 300 zilizopimwa kwa kamba, upige risasi tano kila mahali, kwa viasi vya sanduku moja. Pale ambapo tano hizo hazikai zote ndani ya shubiri, hapo umekwisha kupita mwisho wako wa kupiga mnyama, hata kama kitabu cha muuzaji kimeandika yadi 500. Na viasi vyako visilale juani, maana baruti iliyopata joto huibadili kasi ya risasi, na vipimo vyako vyote vya karatasi havitakuwa na maana tena.