Dripu, Bahasha na Watoto 3,141

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba ya dharura vya nchi tajiri vilikuwa na jibu moja kwa mtoto mwenye maambukizi makali ambaye damu yake haizunguki sawasawa: atundikiwe dripu na aingiziwe maji mengi mshipani kwa muda mfupi. Hoja yake ilieleweka hata kwa asiye daktari. Mzunguko umelegea, basi mishipa iongezewe ujazo. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki tiba hiyo haikuwa ya kawaida, na wengi walilihesabu jambo hilo kuwa pengo la kuzibwa mara vifaa na wauguzi watakapotosha. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland, wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome mjini Kilifi, walianza kupima jambo ambalo wengine walidhani limekwisha kujulikana: je, maji hayo yanaokoa watoto wetu kweli? Jaribio lao, lililoitwa FEAST, lilifanyika katika hospitali 6: Kilifi nchini Kenya, Hospitali Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda.

Waliohusishwa walikuwa watoto wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali, waliolegea au kupoteza fahamu, au wanaopumua kwa shida, na wote wakiwa na dalili ya mzunguko hafifu wa damu. Dalili mojawapo hupimwa kwa kidole tu: ukucha unabonyezwa mpaka unapauka, unaachiwa, kisha zinahesabiwa sekunde mpaka rangi irudi. Zikifika tatu au zaidi, kuna hatari. Waliokuwa na utapiamlo mkali, na wale wa kuharisha na kutapika, hawakuingizwa, kwa kuwa matibabu yao yana taratibu zake. Kisha daktari alifungua bahasha iliyofuata kwa namba, iliyofungwa na isiyopenyeza mwanga. Ndani yake ndimo lilimokuwa kundi la mtoto: maji ya chumvi kwa kasi, maji yenye albumini kwa kasi, au kutopewa maji ya kasi kabisa. Huduma nyingine zote, yaani antibiotiki, dawa za malaria, damu kwa aliyepungukiwa na maji ya kawaida ya polepole, zilitolewa kwa makundi yote matatu.

Bahasha hiyo ndiyo roho ya utafiti. Daktari akiachiwa kuchagua, atampa maji mengi yule anayeonekana kuzidiwa, na hilo ni jambo la utu. Lakini baadaye, ukilinganisha waliopewa na wasiopewa, utakuwa unalinganisha mahututi na wenye nafuu, na hakuna hesabu itakayokuhakikishia kwamba umeitenganisha athari ya dripu na ya ugonjwa wenyewe. Bahati nasibu inapogawa maelfu ya watoto, wenye malaria na wasio nayo, wenye upungufu wa damu na wasio nao, wanasambaa katika makundi yote karibu sawa, pamoja na tofauti ambazo hakuna aliyewahi kuzifikiria. Kinachobaki kuyatenganisha makundi ni tiba.

Januari 2011 jaribio lilisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa, kwa ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu. Katika saa 48 za kwanza walikufa watoto 111 kati ya 1,050 waliopewa albumini, 110 kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi, na 76 kati ya 1,044 ambao hawakupewa maji ya kasi. Kwa kila watoto 100 waliopata tiba iliyoaminiwa, walikufa watatu zaidi.

Watatu katika mia: hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo lote. Hakuna tabibu, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuigundua tofauti hiyo wodini, kati ya watoto wanaokuja na kuondoka, wengine wakipona na wengine wakifa kwa sababu kadha wa kadha. Tena macho yake yangemdanganya. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba saa moja baada ya kuanza tiba, dalili za mzunguko hafifu zilikuwa zimeondoka kwa watoto wengi zaidi kati ya waliopewa maji kwa kasi. Muuguzi aliyeona mikono ikipata joto alikuwa ameona kweli. Vifo vya ziada vilikuja baadaye, na kila kimoja kingeweza kuhesabiwa kuwa kazi ya ugonjwa.

Wapo waliosema kwamba madaktari walijua nani kapewa nini, hivyo upendeleo ungeweza kupenya. Hoja hii ni ya haki, lakini kipimo kikuu kilikuwa kifo, jambo ambalo halitegemei maoni ya mtu, na kama kulikuwa na matumaini yoyote, yalielemea upande wa maji. Wengine walisema tatizo ni malaria, au upungufu wa damu. Makundi hayo yalipochambuliwa moja moja, madhara yalielekea upande uleule. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hospitali hizo hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi wala mashine za kupumulia. Ni kweli, na ndiyo sababu matokeo haya hayawezi kubebwa mzimamzima hadi London. Lakini kwa mantiki hiyohiyo, mwongozo wa London haukustahili kuletwa Soroti bila kupimwa.

Lipo pia swali la maadili, ambalo halipaswi kupuuzwa, maana mzazi aliyebeba mtoto mahututi hana nafasi ya kusoma fomu. Watafiti walimwomba kwanza ridhaa ya mdomo, kisha maelezo kamili na ridhaa ya maandishi yakafuata mtoto alipotulizwa. Kundi lisilopewa maji ya kasi halikunyimwa kitu ambacho wangekipata siku nyingine, kwa sababu hospitali hizo hazikuwa zikikitoa kwa kawaida. Anayesema watoto walifanyiwa majaribio hana budi kujibu swali la pili: kuwapa watoto wote tiba isiyopimwa katika mazingira yao, bila kuhesabu wanaokufa, kuitweje? Hilo nalo ni jaribio, ila halina kundi la kulinganisha wala kamati ya kulisimamisha.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa dharura za watoto, uliozuia maji ya kasi kwa wenye mzunguko hafifu ambao hawajafikia dalili zote za hali mbaya kabisa. Mwaka uliofuata yalichapishwa matokeo ya jaribio la Lusaka, Zambia, kwa watu wazima wenye maambukizi makali na shinikizo la damu lililoshuka: waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha shinikizo walikufa hospitalini asilimia 48.1, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.0. Namna hasa maji yanavyodhuru bado inabishaniwa. Vifo vingi vya ziada katika FEAST vilionekana kutokana na moyo na mishipa kushindwa kazi, wala si mapafu kujaa maji kama wengi walivyotarajia, na swali hilo linahitaji kufanyiwa kazi katika wodi hizihizi.